"Kwani wewe ndiye daktari?"

Wiki iliyopita nilibishana na muuguzi mkuu wa hospitali ya watoto hapa Massachusetts, na sikufukuzwa. Tulikuwa kwenye kikao cha baraza la ushauri la familia, ambako wazazi tunaketi na wauguzi kuishauri hospitali, tunajadili saa za kuwaamsha watoto usiku. Mwanangu ana selimundu. Mwenye mtoto wa namna hiyo anajua: maumivu yanakesha naye mpaka saa nane, morfini inaanza kumtuliza, kope zinafunga, saa kumi anaingia mtu kupima joto, saa kumi na moja mwingine kutoa damu. Tukaomba yote yafanywe kwa mpigo. Wauguzi wakasema kwa mtoto aliyezidiwa haiwezekani, na ni kweli. Kwa aliyetulia wamekubali kujaribu.

Wenzetu hawakuzaliwa na uungwana huu. Mwaka 1994 Betsy Lehman, mwandishi wa habari za afya wa gazeti la Boston Globe, alifariki baada ya kuzidishiwa dawa za saratani pale Dana-Farber, Boston. Kelele zikawa kubwa, na hospitali hiyo ikaja kuwaketisha wagonjwa na familia kwenye vikao vyake. Mwaka 2008 jimbo likatunga sheria hospitali ziwe na mabaraza ya aina hii.

Sasa nyumbani, Tanzania. Dada yangu aliwahi kulazwa na mwanawe wilayani, kitanda kimoja watoto wawili, mama zao sakafuni juu ya kanga. Usiku akaona mkono wa mtoto unatuna, dripu inaingia kwenye nyama badala ya mshipa. Akamfuata nesi. "Kwani wewe ndiye daktari?" Mkono ukavimba mpaka asubuhi.

Nesi yule alikuwa peke yake wodi nzima, hilo nalijua. Ndiyo maana hasa mama angesikilizwa. Wodini kwetu ni yeye anayeogesha, anayelisha, anayelinda dripu usiku kucha. Anaijua wodi kuliko mganga mkuu, na anachoachiwa ni sanduku la maoni lenye kufuli la kutu. Kamati za vituo vya afya zipo, zenye wawakilishi wa wananchi, ila mara nyingi mjumbe ni mzee anayeheshimika mtaani, si mama aliyelala sakafuni juzi.

Huku nako si peponi. Baraza linakutana saa sita mchana, kwa Kiingereza. Mimi nafika kwa sababu napakia maboksi ghalani usiku. Wakongo wa mtaani kwangu, Waswahili wenzangu, wakimpeleka mtoto hospitali wanaongea kupitia mkalimani wa simu. Kwenye ile meza hayupo hata mmoja.

Nilipomsimulia dada, swali lake la kwanza: "Na posho mnalipwa?" Tunapewa sandwichi na kuponi ya maegesho, na mimi gari sina. Akacheka sana. "Basi huku hamtapata mtu."

Simwamini. Yeye mwenyewe angekwenda, kwa ajili ya ule mkono.