Taa Ilinikonyeza

Kwanza niweke mambo sawa. Ile habari aliyoirusha Side kwenye grupu la mtaa, kwamba "tairi limelipuka kwa Baba Zuu, mkwe wake kalazwa", ina uongo wa aina mbili. Tairi halikulipuka, lilipiga kelele tu. Na baba mkwe hakulazwa. Alikalishwa tu kwenye kiti, akapewa maji. Mengine yote ni kweli, na ndiyo maana naandika leoleo kabla picha hazijaanza kuzunguka.

Mnaijua ile taa ya njano kwenye dashibodi, imekaa kama sufuria lenye alama ya mshangao ndani? Gari langu ni la 2015, limetoka Uingereza, na huko Ulaya tangu Novemba 2014 kila gari dogo jipya ni lazima liwe na kitu cha kunusa upepo wa matairi. Wakaliuza, likanunuliwa na mimi, likaja kuninusia Tabata.

Taa iliwaka wiki mbili. Nikapima matairi manne: mbele 33 na 33, nyuma 32 na 33. Upepo upo. Sasa kama upepo upo na taa inawaka, muongo nani? Sensa, yaani kile kitu cha kunusa upepo! Nikakesha nasoma. Kumbe kila gurudumu lina sensa yake kwa ndani, imeshikana na vali, na betri yake imefungiwa humohumo, haibadilishwi. Huishi miaka mitano hadi kumi hivi, kisha inakata roho. Nikahesabu umri wa gari kwa vidole. Kesi imefungwa.

(Nimesema matairi manne. Likumbukeni hilo neno, tutarudi.)

Fundi akataka 15,000 kwa kila gurudumu, kufungua na kurudisha. Mimi huyu? Sensa nne nimeagiza mwenyewe kwa simu kwa 180,000, video nimeangalia sita, halafu nimpe mtu elfu sitini ya kubandua tairi? Mama Zuu akasema, "Mpe tu mwenye kazi yake." Sikumjibu. Nilikuwa natafuta bukta.

Ijumaa nikaomba ruhusa kazini. Nikaanza na gurudumu la mbele kushoto, kwa sababu ndilo lenye historia ya pancha, na mwenye historia ndiye anayekamatwa wa kwanza. Kulifungua kwenye gari dakika tano. Nikamwangalia Side kwa dharau.

Mdomo wa tairi kuachia ringi ndiyo ikawa vita. Ukiruka juu yake linakurusha. Mwisho tukalilaza chini ya pikapu ya Side, jeki tukaisimamisha juu ya ubavu wa tairi, kichwa chake kikasukuma chasisi, pikapu ikainuka kidogo, tairi likasema "pwaaa" likaachia. Sabuni ya maji, nikachomeka chuma, nikakandamiza. Kra! Kilichosema kra ni sensa ya zamani. Nilichomeka chuma palepale penye vali, mahali ambapo video zote sita zilisema usichomeke. Basi, kurudi nyuma hakuna.

Sensa mpya ikaingia, tairi likarudi kwenye ringi, nikaleta ile pampu ya mguu. Wadau, nimepiga pampu nusu saa. Upepo unaingia kwa vali unatokea pembeni, kwa sababu mdomo wa tairi haujakaa, una upenyo wa kidole mzima mzima. Side akaniambia tairi linatakiwa libanwe kiunoni kwa kamba, mdomo utanuke uguse ringi. Kamba hatuna. Nikaingia ndani.

Mezani palikuwa na doti ya khanga. Mpya, haijakatwa, inanukia duka. Tukaizungusha kwenye tairi, tukafunga fundo, Side akachomeka mchi na kuanza kunyonga. Maandishi yakajikunja, yakabaki yanasomeka maneno mawili tu, MDHANIWA NDIYE. Yaliyobaki yameliwa na fundo. Kompresa tukaazima kwa fundi rangi wa mtaa wa pili, na kile kisindano cha ndani ya vali nikakitoa ili upepo uingie kwa fujo.

Sasa hapa twende polepole, maana hapa ndipo Side alipopachapia.

Nimechuchumaa. Nyuma yangu beseni la povu. Mikono yangu yote miwili ni nyeusi ya tairi hadi kwenye viwiko. Kompresa inanguruma, tairi linavimba, khanga inalia kama mlango wa zamani, Side analegeza mchi kidogokidogo. Geti linafunguka. Simsikii anayeingia. Ni baba mkwe, katoka msikitini moja kwa moja, kanzu nyeupe imepigwa pasi ya kukata nyanya. Anasimama nyuma yangu anaangalia, kimya, kama mtu anayeangalia mtihani wa mwanawe.

PAA!

Ubavu wa kwanza wa tairi umekaa kwenye ringi. Hiyo ni habari njema, ila sikujua. Nilichojua ni kwamba nimekufa. Nikajirusha kinyumenyume, makalio yakatua ndani ya beseni, povu likaruka hadi machoni. Natoa macho kwenye povu namwona nani? Nikasimama na beseni limenibana, likanidondoka, nikainama kwa adabu zote nilizofundishwa:

"Shikamoo baba."

"Marah..."

PAA!

Tairi lina mbavu mbili, ndugu zangu. Mimi nilikuwa nimeisahau ya pili. Na ile "marahaba" haikumalizika kwa sababu nilikuwa nimeshamrukia. Nimemkumbatia baba mkwe. Nimemkumbatia kwa nguvu zote, uso kifuani, macho nimefumba, povu linachuruzika, na nasikia moyo wake unapiga sikioni mwangu. Sijui ni sekunde ngapi. Hakuna aliyesema kitu. Kompresa tu ndiyo ilikuwa inaongea. Halafu nikahisi mkono wake unanipigapiga mgongoni, taratibu, kama anambembeleza mtoto alale.

Nilipomwachia, mgongoni mwa ile kanzu palikuwa na viganja vyangu viwili, vidole vyote kumi vinahesabika. Side anasema hata mistari ya bahati inaonekana.

Kiti, maji, pole nyingi. Kumbe mzee alikuja kuchukua doti ya khanga aliyonunuliwa mama mkwe. Mama Zuu akaingia ndani kuitafuta. Sitaelezea hicho kipande.

Jioni nikamrudisha mzee Mbagala, gurudumu limefungwa, kavaa shati langu. Tukasimama kujaza mafuta. Nilipowasha tena gari, taa ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, karibu dakika nzima, kisha ikatulia inawaka. Nikafurahi jamani. "Baba, umeona? Inanikonyeza. Imeitambua sensa mpya."

Baba akasema, "Mh."

Wakati wa kurudi nikapita kwa kijana wa pancha, nijivune kidogo. Akaniuliza swali moja tu. "Bosi, mwanzo ilikuwa inakonyeza, au inawaka tu?"

"Inawaka tu."

"Basi ulikuwa upepo. Ikikonyeza kwanza ndiyo sensa mbovu. Spea ulipima?"

Spea.

Akafungua buti, akalipima. 14. Tena spea la gari langu nalo lina sensa yake, kimya humo chini, wiki mbili linaomba upepo. Akalijaza, akakataa hela. Kisha akachukua boksi la sensa zangu tatu zilizobaki, akalisogeza kwenye taa, akacheka peke yake. Zimeandikwa megahezi 315, yaani masafa ya redio ya kuongea na gari, za magari ya Marekani na Japani. Gari la Uingereza linasikiliza 433. Kwa hiyo gurudumu lililokuwa zima, sasa hivi ndilo bovu, na konyezo lile lilikuwa kilio.

Kesho narudi kwa fundi na elfu kumi na tano yake. Sensa tatu zinauzwa, mwenye gari la Japani anifuate inboksi. Kanzu iko kwa dobi, dobi anasema atajaribu.

Nikiwa naandika hapa simu ikaita. Baba mkwe. Nikasimama kabisa kuipokea.

"Mwanangu, ile taa bado inakukonyeza?"

Nyuma yake nasikia mama mkwe anacheka hadi anakohoa.