Salama, ila…

Mama mmoja wa makamo, mtu wa Tanga kama mimi, aliketi mbele ya daktari hapa Glasgow, Uskoti, kiganja kimekaa kifuani. Daktari akamuuliza hali. "Salama, mwanangu," akajibu. Nikatafsiri: salama. Daktari akaandika kwenye kompyuta, kisha akaanza kuulizia vidonge vya presha. Mama alikuwa amekwisha kuvuta pumzi aseme kilichomleta. Akaimeza.

Aliyelelewa katika Kiswahili anajua kwamba "salama" ni hodi tu. Hata msibani tunaulizana habari na kujibiana "njema", ndipo tunashikana mikono kulia. Habari yenyewe huanzia kwenye "ila". Sasa daktari wa huku anapangiwa kama dakika 10 kwa kila mgonjwa, naye akisikia salama anaamini ni salama.

Nimefanya ukalimani wa hospitalini kwa miaka kadhaa, na kila nikienda nyumbani naulizwa habari za baridi. Baridi ina koti! Giza, hilo nakubali, lina yake. Mwezi wa Desemba jua la hapa huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na saa kumi jioni haijafika limeshazama. Ngozi nyeusi inahitaji jua jingi zaidi kutengeneza vitamini D, ndiyo maana weusi tunashauriwa kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, wakati wenzetu weupe wengi wanaambiwa majira ya baridi tu. Vidonge vyenyewe vipo mpaka madukani kwenye mboga na mikate. Meza, yaishe. Kinachowaumiza watu mbele ya macho yangu ni maneno.

Chukua "homa". Kwetu mtu ana homa mwili ukiwa mzito, viungo vinauma, chakula hakipiti. Muuguzi anamtia kipimajoto sikioni, kinasoma 36.8, anasema huna homa. Mgonjwa anatoka pale akijiona ameitwa mwongo. "Kichomi" nacho kwetu ni ugonjwa kamili, una jina lake na dawa zake. Daktari anataka kujua ni pafu, ni msuli au ni moyo, na mgonjwa anashangaa msomi mzima hakijui kichomi. Niliwahi kusimuliwa na mama mmoja jinsi mwanawe wa miaka 12 alivyomtafsiria "baridi yabisi". Mtoto alilijua neno baridi, la pili hakulijua. Wakarudi nyumbani na ushauri wa mafua, magoti yanauma vilevile.

Hapo kwa watoto nitasema wazi, hata kama kuna watakaonuna: mwache mtoto shuleni. Mwanamke mwenye chango au damu isiyokatika hatasema mbele ya mwanawe wa kiume, na akisema, mtoto hatatafsiri. Mkalimani halipiwi na mgonjwa. Unamwomba mapokezi siku unapochukua miadi, basi. Ila taja unakotoka, maana Kiswahili si kimoja. Mara ya kwanza ndugu yetu wa Kongo aliponiambia "kichwa inaniluma", nilibaki nimemkodolea macho.

Na wakalimani nasi tunakosea. Mzee mmoja aliandikiwa kidonge cha saa 8 usiku kwa saa yao. Nilikuwa nimechoka, mgonjwa wa sita siku hiyo, nikasema "saa nane usiku". Wiki mbili yule mzee alitega kengele, akaamka usiku wa manane, akameza dawa na maji baridi, akarudi kulala. Hakulalamika. Aliona ndivyo Wazungu wanavyotibu. Siku hizi saa yoyote ya dawa naisema mara mbili, na naongeza "baada ya chakula cha usiku".

Malalamiko ya "huku wanatoa Panadol tu" yananichosha kidogo. Tumezoea kuingia duka la dawa na kutoka na amoksilini ya mafua, ambayo haiyatibu mafua hata chembe, kwa sababu yenyewe huua bakteria, na mafua yanaletwa na virusi. Wapo wanaoagizia amoksilini kutoka Kariakoo, inakuja ndani ya begi pamoja na dagaa.

Lakini kuna homa moja ambayo kipimajoto hakibishani nayo. Mtu kakaa huku miaka minane, anakwenda likizo, kinga ya malaria hamezi kwa sababu "sisi tumezaliwa nayo". Kinga uliyoijenga utotoni hupungua ukikaa mbali na vimelea. Anarudi, wiki ya pili anatetemeka, na kwa daktari anasema ana mafua. Tanzania haitaji. Hakuulizwa, na pengine anaona haya asije akaonekana kaleta maradhi ya kwao. Neno hilo moja lingempatia kipimo cha damu siku hiyohiyo. Malaria ya falsiparamu, ile aina kali, inaweza kuua ndani ya siku chache.

Nirudi kwa yule mama. Kanuni za kazi yangu zinataka nisiongeze neno wala nisipunguze, na naziheshimu. Siku ile nilitazama kile kiganja kifuani, nikaomba ruhusa ya kusema.

"Samahani, daktari. Hajamaliza."

Daktari akaondoa mikono kwenye kompyuta, akamgeukia.

"Ila," mama akasema, "nikilala chali pumzi zinakata. Na viatu hivi tangu juzi havinitoshi."

Daktari akainama, akamvua kiatu, akabonyeza juu ya kifundo cha mguu. Alipoondoa kidole, shimo likabaki.