Indotyphlops braminus: jenasi ya nyoka asiye na dume

Nyoka kipofu wa vyungu vya maua ni mdogo, mara nyingi hafikii sentimita 20, na macho yake ni vidoa viwili chini ya magamba. Hula mayai na mabuu ya sisimizi na mchwa. Kwa kusafiri ndani ya udongo wa mimea ameenea katika kila bara isipokuwa Antaktika. Jina lake la kisayansi nalo limesafiri. Machapisho mengi ya leo humwita Indotyphlops braminus. Ya miaka ya 1980 yalimwita Ramphotyphlops, ya zamani zaidi Typhlops, na mwaka 2020 mtaalamu wa nyoka Van Wallach alipendekeza apewe jenasi mpya (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu, na ndiyo neno la kwanza la jina la kisayansi), Virgotyphlops. Ofisa wa karantini mwenye orodha ya viumbe wageni mkononi ana haki ya kuuliza kama huku kuhamahama kuna faida yoyote.

Safari ilianza vibaya. Mtaalamu wa wanyama wa Ufaransa, François Marie Daudin, alimpa jina mwaka 1803 akitegemea maelezo na mchoro wa Patrick Russell wa mwaka 1796 kuhusu nyoka wa India, akamweka katika Eryx, jenasi ya nyoka wa mchangani walio jamaa za chatu. Baadaye akahamishiwa Typhlops, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ghala tu: nyoka kipofu yeyote asiyejulikana pa kuwekwa alitupwa humo.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mgogoro wote. Katika karne ya 20 wataalamu waligundua kwamba nyoka vipofu wa Australasia (Australia na visiwa vya jirani) wana uume wa namna ya pekee, mgumu na usio na uwazi ndani, na sifa hiyo ikawa nguzo ya kuwatenga katika Ramphotyphlops. Ni hoja nzuri, ila braminus hana dume. Seli zake zina seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) badala ya mbili za kawaida, na majike hutaga mayai yanayoanguliwa bila kupandwa. Mwaka 1980 Ronald Nussbaum, akichunguza nyoka hawa huko Shelisheli, alitoa ushahidi zaidi wa uzazi huo, na katika makala hiyo hiyo akawaita Ramphotyphlops. Yaani jenasi inayotambuliwa kwa dume ilimpokea mnyama ambaye dume lake halijapata kuonekana. Ilibidi kutegemea alama nyingine za mwili, na mwili wa nyoka anayeishi ardhini hautoi alama nyingi: spishi zisizo na undugu wa karibu hufanana kwa sababu zote zinachimba.

Kwa hiyo mageuzi ya mwaka 2014 nayatetea bila kusita. Blair Hedges na wenzake walipolinganisha DNA, braminus aliangukia kwa jamaa zake wa Asia, mbali na Ramphotyphlops halisi, na Indotyphlops ikaundwa kwa ajili ya kundi hilo. Wanaopinga husema kumbukumbu za makumbusho na orodha za forodha huvurugika kila jenasi inapobadilishwa. Ni kweli, ni usumbufu. Lakini Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama imeshaweka kinga: jina la pili, braminus, halikuguswa, na jina la Daudin huwekwa ndani ya mabano kuonyesha kwamba spishi imehama jenasi. Anayetafuta kwa braminus atafika. Kubaki na Ramphotyphlops kungewafanya wasomaji waamini undugu usiokuwepo, na hilo ni baya kuliko usumbufu wa kubadilisha lebo.

Virgotyphlops ni kesi nyingine. Anayeitetea anaweza kusema kwamba ukoo wa majike watupu wenye kromosomu za ziada ni kitu cha pekee, na kwamba kuuchanganya na spishi zenye jinsia mbili kunaficha upekee huo. Naona uzito wa hoja, ila sikubaliani nayo. Jenasi hueleza nani kazaliwa na nani, wala si namna ya kuzaa. Kuna mijusi wa majike watupu ndani ya jenasi Aspidoscelis, pamoja na spishi zenye madume, na hakuna anayepotea. Ukimtoa braminus peke yake, una hatari ya kubaki na Indotyphlops iliyokatwa tawi la katikati. Na Kanuni haimlazimishi mtu kukubali jenasi kwa sababu tu imechapishwa.

Hata hivyo, upande wangu nao una pengo. Kwa wanyama watambaao, seti tatu za kromosomu mara nyingi ni dalili ya mchanganyiko wa spishi mbili. DNA ya mitokondria, yaani ile iliyo nje ya kiini cha seli, hufuata upande wa mama pekee. Ikiwa DNA ya kiini cha seli itaonyesha kwamba mzazi wa pili alitoka nje ya Indotyphlops, hoja ya undugu niliyoitumia dhidi ya Wallach itageuka kunidai mimi, na hapo nitakuwa tayari kuijadili upya jenasi yake. Hadi hapo, lebo ya chupa ya makumbusho iandikwe Indotyphlops braminus (Daudin, 1803).