Kidole Gumba Hakikufunika vya Kutosha

Picha ilipigwa kwa simu, usiku, na upande wa chini imezibwa na kidole gumba. Kijana anayetunza mfumo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Ngamiani, Tanga, aliituma kwa wenzake akiomba msaada. Juu ya kidole inasomeka sehemu ya mwanzo ya mojawapo ya namba tasa mbili zinazounda ufunguo wa siri wa seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo. Tangu hapo barazani tunabishana: ufunguo ubadilishwe au uachwe?

Wanaosema uachwe si watu wa kupuuzwa. Ufunguo ni wa biti 2048 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), kila namba tasa ina biti 1024, na kwenye picha biti zaidi ya 400 hazionekani. "Mwalimu, hata kompyuta zote za dunia zikijaribu hazimalizi," kijana aliniambia. Kwa kujaribu moja moja, amesema kweli. Na kubadilisha kuna usumbufu, maana simu ya kila mwanachama itabidi iwekewe ufunguo mpya.

Ila hoja hiyo inasahau kwamba zao la namba hizo mbili liko wazi kwa kila mtu. Chukua kalamu. Zao ni 59,888,597, na umedokezwa kwamba kigawo kimoja kina tarakimu nne na kinaanza na 73. Asiyedokezwa atapita namba tasa zaidi ya 900 kabla hajafika. Wewe gawanya zao kwa 7301, kisha kwa 7399: kigawo cha pili lazima kiwe kati ya 8094 na 8203. Hili ndilo ninalotaka wenzangu walitazame vizuri. Hukuambiwa neno kuhusu kigawo cha pili, na tayari mwanzo wake unaujua! Aliyevujisha nusu ya kimoja amevujisha nusu ya vyote viwili. (Vigawo ni 7351 na 8147, unavipata kwa kujaribu namba zisizozidi 40.)

Kwa namba kubwa hakuna haja hata ya kujaribu. Mwaka 1996 mwanahisabati Don Coppersmith alionyesha kwamba nusu ya mwanzo ya biti za kigawo kimoja ikijulikana, zilizobaki zinakokotolewa, na kompyuta ya kawaida inatosha. Estonia waliyaona mwaka 2017, tena bila picha ya mtu yeyote. Chipu za vitambulisho vyao zilitengeneza namba tasa kwa mpangilio maalumu, na mpangilio huo ukafanya kazi ileile ya tarakimu zilizovuja. Njia ya Coppersmith ikapata pa kuingilia. Takriban vitambulisho 750,000 vilihusika, na Novemba mwaka huo vyeti vyake vya kidijitali vikasimamishwa. Watu wote hao, na hakuna tarakimu hata moja iliyoonwa na mtu!

Kidole kingefunika zaidi, ikaonekana robo tu, ningemwelewa kijana, kwa sababu kwa robo hakuna njia ya haraka inayojulikana. Lakini nimehesabu mistari kwenye picha ile mara mbili. Namba imeandikwa kwa mistari tisa, na mitano inasomeka yote. Ufunguo ubadilishwe. Simu tuanze nazo Jumamosi, na wazee wasioweza kufika tuwafuate majumbani.