Kikombe cha kahawa barazani: vidudu tuviogope wapi na tuviache wapi

Juzi barazani kwetu huku Ng'ambo, mjini Unguja, baada ya Isha, kijana mmoja katoa kikombe chake mwenyewe mfukoni kampa muuza kahawa amtilie. Watu wakanyamaza. Mzee mmoja akamuuliza, "Sa mwanangu, sisi ndo unatuona wachafu?" Kijana akajibu kwa adabu, "La mzee, nna mafua, sitaki kukuambukizeni," lakini maneno yalishaanza na yakaendelea mpaka dele la kahawa likakauka. Nimeona niandike kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na la maana, na sie kila siku tunabishana juu ya usafi wa njiani bila ya kuuliza kwanza kidudu gani kinapita wapi.

Nianze na upande wa wazee. Walisema kahawa imechemka na moto unaua, na tena tumekunywa hivi hivi tokea babu zetu, na mwili usipokutana na vidudu hauzoei, ukija kukutana navyo siku moja unaanguka. Hilo la moto ni kweli ila nusu yake tu, kwa sababu kilichochemka ni kahawa iliyomo ndani ya dele, kikombe hakikuchemka. Kikombe kinachovywa kwenye ndoo ya maji ambayo tokea magharibi haijabadilishwa, kinazungushwa kwa kidole, kinatiliwa mwengine. Watu thalathini arubaini midomo yao yote imepita kwenye maji yale yale, na mkono wa muuzaji umo humo humo, mkono ulioshika pesa na mkaa na Mungu ndo ajuaye kama chooni kulikuwa na sabuni. Kahawa ya moto haiufikii ukingo wa nje pale mdomo unapokaa. Kwa hiyo mafua yanapita, na malengelenge ya mdomo yanapita, na kama mkono ule haukunawiwa vizuri hata vidudu vya kuharisha vinaweza kupita.

Hili la mwili kuzoea lina asili ya kitaalamu, si maneno ya barazani tu. Mwaka 1989 mtafiti wa Uingereza, David Strachan, aliona kwamba watoto waliozaliwa nyumba zenye ndugu wengi walikuwa na mzio mdogo wa mafua ya chavua kuliko wale waliolelewa peke yao, akafikiri huenda kuambukizana utotoni kunaufundisha mwili. Watu wengi wameichukua hoja ile na kuipeleka mbali. Waliomfuatia wakaja kueleza kuwa kinachosaidia zaidi ni kuchanganyika na udongo, wanyama na vile vidudu visivyo na madhara, wala si kuumwa kipindupindu. Na nnajiuliza, mtoto wa Micheweni kule Pemba anaeshinda mchangani na mbuzi na kuku, huyo kapungukiwa na vidudu gani mpaka tumuongezee vya kwenye ndoo ya kahawa? Kwetu watoto bado wanaumwa minyoo na kuharisha. Hoja ile ilizaliwa kwenye nchi ambazo tatizo lao lilikuwa jengine kabisa.

Lakini na upande wa vijana nao una kuzidisha kwake, na hapa nitasema wazi maana hata kijana wetu mwenyewe baada ya kuondoka na kikombe chake alitoa chupa ya sanitaiza akajipaka mara tatu ndani ya robo saa. Tumetoka kwenye korona na hofu ya kugusa, wapo wanaofuta noti, wanaofungua mlango kwa kiwiko, wananunua sabuni zilizoandikwa zinaua bakteria kwa bei mara mbili ya sabuni ya mche. Sasa, Aprili 2021 kituo cha kudhibiti maradhi cha Marekani, CDC, kilisema uwezekano wa mtu kupata korona kwa kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida ni chini ya 1 kwa 10,000. Na mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya huko huko Marekani iliamua ziondolewe sokoni sabuni za mikono za nyumbani zenye triklosani, dawa ya kuua bakteria, na dawa nyengine 18, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonesha kuwa zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Yani ile sabuni ya mche inayokatwa vipande dukani inatosha. Sabuni inashika mafuta, na kirusi cha mafua na cha korona vina ganda la mafuta, likipasuka kimekwisha, na vile vidudu ambavyo havifi vinateleza na kwenda na maji. Sanitaiza nayo ina kazi yake, iwe na spiriti asilimia 60 au zaidi, ila mkono uliotoka kula mishikaki Forodhani na mafuta yamejaa kuchani, ukiupaka sanitaiza umeupaka mafuta na spiriti basi.

Nnavyoona mie, mgogoro wetu si kuogopa sana au kuogopa kidogo, ni kuogopa mahali sipo.

Angalia choo cha stendi au cha soko. Sote sie tunajitia maji, na tumelelewa vizuri, mkono wa kushoto kazi yake na wa kulia kazi yake. Sasa lile kopo lina mkono mmoja tu wa kushikia. Umeshika na kulia ukamimina, umemaliza ukashika na kushoto ukasuuza sakafu, umefungua bomba kwa mkono huo, umevuta komeo kwa mkono huo, nje hakuna sabuni, umejifuta kwenye suruali, unavuka barabara unanunua urojo. Aliekuja nyuma yako kashika kopo lile lile. Kipindupindu ndo njia yake hii, na homa ya matumbo, na homa ya ini ya A, vyote vinatoka chooni vinaingia mdomoni na kati yake ni mkono na maji. Tumeshaona mwaka 2016 kipindupindu kilivyotuandama visiwani mpaka uuzaji wa vyakula njiani ukapigwa marufuku. Wauzaji walilalamika na walikuwa na haki ya kulalamika, mtu anaeuza mihogo na samaki wa kukaanga hana akiba ya kukaa wiki tatu bila kazi, na wapo waliosema mbona mahoteli yameachwa. Serikali nayo ilikuwa na haki, watu walikuwa wanakufa. Mie nikilipima lile jambo naona marufuku ya siku ya moto haikwepeki, ila ingekuwa na uzito zaidi kama moto ukishazimika kila penye wauza chakula pangebaki bomba na sabuni. Na barafu tusiisahau, juisi ya miwa inakamuliwa mbele ya macho yako safi kabisa halafu inatiwa barafu ya maji usiyoyajua, na baridi haiui kipindupindu. Hapo bora dafu, likatwe ukiona, unywe.

Tena cha ajabu, mafunzo tunayo. Chuoni, kwenye Qur'ani, tulifundishwa tukiamka tusitie mkono kwenye chombo cha maji mpaka tuuoshe mara tatu, tusipumulie ndani ya chombo, na tukipiga chafya tufunike uso. Mtu anaeswali sala tano anaosha mikono mara nyingi kwa siku. Kinachokosekana ni sabuni, kwa sababu udhu hauhitaji sabuni na sie tumefanya udhu ndo kila kitu. Wazee wengine sanitaiza wanaikataa kabisa kwa kuogopa kwenda kuswali na spiriti mkononi, na nawaheshimu kwa hilo, kwao sabuni na maji ni jibu jepesi zaidi na kwa vidudu vya kuharisha mara nyingi ni jibu bora zaidi.

Halafu kuna hewa, na hapa ndo tunakosea vibaya. Kifua kikuu, mafua makali, korona, vyote njia yao kubwa ni pumzi. Zile gari za abiria za zamani, chai maharage, tulizikimbia, tukazisema vumbi na kubanana, lakini upepo ulikuwa unapita huku na huku. Leo tumo kwenye gari ya vioo, masika imeingia, vioo vyote juu, watu wamebanana, mmoja anakohoa, na mie niliona mama anafuta kiti kwa tishu kabla ya kukaa halafu akamwambia jirani yake, "Dada, funga hicho kioo, rasharasha inaniingia." Kiti hakina neno, bi. Kioo ndo chenye neno. Hata uwazi wa vidole vinne unasaidia, na utingo akisema funga muombeni kwa uzuri aache kidogo.

Na kuogopa mahali sipo kuna madhara ya kweli, si kupoteza sanitaiza tu. Nnamjua mtu aliyekuwa na kifua kikuu, alishaanza dawa, nyumbani wakamtengea kikombe na sahani na kijiko, akila peke yake ukumbini, lakini usiku analala chumba kimoja na wenziwe watano, dirisha limefungwa kwa mbu. Kifua kikuu hakipiti kwenye kikombe. UKIMWI haupiti kwenye kikombe, homa ya ini ya B haipiti kwenye kikombe. Walimvunja moyo bure na hewa wakaiacha. Kwa hiyo mzee wetu aliposema "unatuona wachafu" alikuwa anakumbuka kitu cha kweli, kikombe cha mtu kwetu kikitengwa ni kumtenga mwenyewe. Kijana nae alikuwa sawa, mafua yanapita kwenye kikombe na alikuwa anawalinda wazee. Ndo ile sinia ya harusini, mie sitoiacha, kula pamoja ni mapenzi, ila mwenye mafua au tumbo la kuharisha atengewe sahani siku hiyo asiulizwe maswali, na birika la kunawia lipitishwe na sabuni kabla ya chakula na si baada tu kwa sababu ya harufu ya mchuzi.

Turudi kwenye ndoo. Tulimuuliza muuza kahawa, akasema, "Jamaa zangu, nikichemsha maji ya kuoshea mkaa wangu unakwisha kabla ya kahawa, na maji yenyewe nanunua madumu." Ni kweli, na mtu wa kumlaumu yeye peke yake simuelewi. Vikombe anavyo kumi na mbili, wateja arubaini. Tukahesabu pale pale, ndoo moja yenye bomba na sabuni kwa kuoshea, beseni la kupokea maji machafu, vikombe kumi na mbili vyengine ili vilivyooshwa vipate kukauka. Mzee yule yule aliekasirika ndo wa kwanza kutoa pesa. Ndoo imeshanunuliwa, vikombe bado, na kijana anaendelea kuja na chake mpaka mafua yamuishe.