Kipimajoto cha ukutani hakitoshi kupima joto la darasani

Kuanzia Januari hadi Machi, Dar es Salaam hugubikwa na fukuto ambalo hata usiku halipungui sana. Shule, karakana za ushonaji na ofisi nyingi zisizo na kiyoyozi huendelea na kazi kama kawaida, na msimamizi akiulizwa kuhusu hali ya ndani hutazama kipimajoto kilichotundikwa karibu na mlango, husoma nyuzi 32, kisha hujibu kwamba hilo ndilo joto letu na tumelizoea. Naona jibu hilo lina kasoro mbili, moja ya kipimo na nyingine ya hoja, na wanaoumia ni wale wasio na ruhusa ya kutoka nje kupunga upepo wanapozidiwa.

Kipimajoto cha kawaida hupima joto la hewa tu, ilhali mwili hupokea pia joto linalonururika kutoka kwenye paa na kuta, hupozwa na upepo, hupozwa zaidi na jasho linapokauka, na hutengeneza joto lake wenyewe kulingana na kazi na mavazi. Mabati yasiyo na dari yakipigwa na jua la saa saba mchana huwaka kiasi kwamba aliyeketi chini yake huhisi moto utosini, hata kama hewa inayomzunguka haijabadilika. Unyevu wa pwani nao huzuia jasho kukauka, na jasho linalotiririka mgongoni bila kukauka halimpozi mtu. Linampotezea maji na chumvi tu.

Ndiyo maana wataalamu wa afya ya kazini hutumia kipimo kinachojulikana kwa herufi WBGT, kilichobuniwa miaka ya 1950 baada ya askari wa Marekani kuugua na kufa kwa joto mafunzoni. Ndani ya jengo huhitaji vyombo viwili. Cha kwanza ni kipimajoto kilichovishwa utambi wa pamba uliolowa maji safi, ambacho huonyesha jasho lina nafasi gani ya kukauka. Cha pili ni tufe la shaba lenye kipenyo cha milimita 150, lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, lenye kipimajoto katikati, ambalo hunasa joto la paa. Tufe hilo huachwa kwa takribani nusu saa hadi litulie. Kisha somo la utambi huzidishwa kwa 0.7, la tufe kwa 0.3, na majibu hujumlishwa.

Tuchukue mfano wa chumba ambacho hewa yake ina nyuzi 32, utambi unasoma 28 na tufe, chini ya mabati matupu, linasoma 38. Jawabu ni 31. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7243 kinaweka kikomo cha 30 kwa kazi nyepesi, kama kuandika au kushona ukiwa umekaa, kwa mtu aliyekwisha kuzoea joto. Sasa pigilia dari, tufe lishuke hadi 33 huku utambi ukibaki pale pale: jawabu linakuwa 29.5, chini ya kikomo. Katika hali zote mbili kipimajoto cha mlangoni kinaweza kusoma nyuzi 32 zile zile, na msimamizi asione kwamba dari imefanya kazi yoyote.

Kuhusu kuzoea, ni kweli kwamba mwili uliokaa kwenye joto kwa wiki moja au mbili hutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi. Lakini kiwango hicho hicho kinampa asiyezoea kikomo cha 29 kwa kazi nyepesi, maana yake mazoea yanatuongezea nyuzi moja tu. Hayawezi kubeba mzigo wote tunaoyatwisha.

Swali la starehe ni jingine, na ni kosa kulichanganya na la hatari. Mhandisi wa Denmark P. O. Fanger alitoa mwaka 1970 fomula ya kukadiria watu wengi watajisikiaje, kuanzia baridi hadi joto, akitegemea majaribio kwa wanafunzi wa Denmark na Marekani waliokaa katika vyumba vilivyodhibitiwa. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba watu wa majengo yanayotegemea madirisha huridhika na joto kubwa kuliko fomula hiyo inavyotabiri. Nakubaliana nazo kabisa, na sitaki kila darasa lifungwe kiyoyozi. Ninachokataa ni kuzigeuza kuwa kibali cha kuacha paa bila dari na madirisha upande mmoja tu, kwa sababu walioridhika katika tafiti hizo walikuwa na uwezo wa kufungua dirisha, kuwasha feni au kubadili nguo. Mtoto mwenye sare na shati lililochomekewa, aliyebanwa kona ya nyuma ambako pangaboi halifiki, hana hata kimoja. Na hatari yenyewe si ya kufikirika: wenzetu wa Sudan Kusini walifunga shule kwa sababu ya joto mwaka 2024, wakazifunga tena mwaka 2025 baada ya wanafunzi kuzimia Juba.

Kwa hiyo napendekeza kwamba darasa jipya au karakana mpya isipokelewe kutoka kwa mkandarasi mpaka ipimwe kwa tufe na utambi, mchana, katika msimu wa joto, kwenye kimo cha kichwa cha aliyeketi, na si mlangoni. Ipimwe pia ikiwa na watu. Mtu mzima aliyeketi hutoa joto la takribani wati 100, na ingawa mtoto hutoa pungufu ya hapo, darasa lenye wanafunzi 80 haliwezi kuhukumiwa kwa vipimo vilivyochukuliwa saa mbili asubuhi likiwa tupu.