Dadu Ikikataa, Msafara Usikwame

Jumamosi moja, barazani kwangu Nkuhungu, Dodoma, wachezaji wanne walikaa saa nzima nje ya boma la mtemi ambaye hajawahi kuwepo duniani. Nilimtunga mimi. Na aliyewakwamisha pale ni mimi pia.

Tulikuwa kwenye mchezo wa kuigiza mezani, ule ambao kila mtu anabeba mhusika wake, msimulizi anaeleza dunia, na penye mashaka dadu inaamua. Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, ndio uliofungua njia, na mapango yake na majoka yake. Mimi majoka ya nini? Naishi Ugogo. Karne ya 19 palipita hapa misafara ya pembe za ndovu kati ya pwani na Tabora, ikitokea pori kame la Marenga Mkali na koo zimekauka, ikakuta maji yana wenyewe. Watemi wa Kigogo walidai hongo: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga. (Leo neno hilo linanuka rushwa, enzi hizo lilikuwa ushuru, kama wa stendi.) Kuelewana kuliweza kula siku kadhaa. Huo ni mchezo tayari, unasubiri meza tu.

Basi kiongozi wa msafara, ambaye siku za kazi ni mwalimu wa sekondari, akaomba apunguziwe hongo. Nikamwambia arushe. Akakosa. "Mtemi amekataa." Akarusha tena. "Amekataa." Kufika mara ya nne, dada aliyeigiza mpagazi wa Kinyamwezi alishazama kwenye simu. Upepo wa Dodoma ukachukua ramani yangu hadi kwa jirani, nami nikashukuru kupata sababu ya kuinuka.

Dadu haikuwa na kosa. Nilimrushisha mtu bila kujua akikosa nitasema nini zaidi ya "hapana". Siku hizi kama sina majibu mawili, na yote yanasogeza mambo, dadu inabaki mezani.

Natumia dadu mbili za ludo. Kuna dadu ya pande 20 pia, ila hiyo inazipa namba zote nafasi sawa, kwa hiyo mpatanishi hodari anaweza kuumbuka kirahisi mno. Kwa mazungumzo siipendi. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Jumla ya 10 kwenda juu, njia 6 tu: umepata ulichoomba. Saba hadi tisa, njia 15: umepata, ila kuna cha kulipa. Sita kushuka, njia 15 nyingine: msimulizi analeta balaa. Mpango huu sikuubuni, wachezaji wa nje wanautumia miaka mingi. Mimi nimeuongezea kiu. Kila mchezaji ana maharage matano kwenye kizibo cha chupa, ndiyo maji yake, na kila siku ya safari inakula moja.

Rafiki yangu mmoja anasema hivi ni kuwadekeza watu, kwamba kushindwa kuwe kushindwa. Aje aone.

Wiki iliyofuata mwalimu alirusha, ikatoka tano. Mtemi wangu hakukataa. Alimkaribisha kigodani, akamuuliza habari za pwani, kisha akasema, "Nitawajibu kesho."

Kesho! Kila mmoja akatoa harage lake. Kurasa 11 nilizokuwa nimeandika kuhusu ukoo wa mtemi hazikuguswa, na wala hakuna aliyeziulizia. Dada akamwaga yaliyobaki kiganjani: mawili. Akayatazama. Kisha akaniinamia na kunong'ona, "Kaka, usiku naenda bomani peke yangu. Nampa shanga zangu, aniuzie kibuyu kimoja cha maji. Kiongozi asijue."

Kiongozi alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwake, amesikia kila neno. Akachukua karanga, akageukia barabarani, akajifanya amelala.